Ndoa ya Konokono na Bomba Kuu

Jamhuri ya Ndivyo haipakani na nchi ya msomaji yeyote, kwa hiyo kila mtu na asome kwa amani. Ni nchi tulivu. Mvua yake hunyesha kwa ratiba inayotoka Ikulu, na siku isiponyesha huandikwa kwamba imenyesha kwa siri. Watu wake wana adabu, na hupiga makofi hata kabla ya kuambiwa sababu.

Sifa kubwa ya nchi hiyo ni utafiti. Rais wake, ambaye vyeo vyake havienei kwenye bahasha moja, alirudi safarini siku moja akiwa amenuna. Huko alikokwenda wenyeji walimwonyesha orodha ya aina mia tatu za utafiti, zote za kwao. Aliposhuka kwenye ndege hakuisalimu bendi. Alimtazama waziri wa kwanza aliyemwona, akasema, "Nataka elfu."

Akapewa elfu moja mia mbili na tatu.

Haikuwa kazi ngumu kama mtu anavyoweza kudhani. Palipokuwa na mtaalamu mmoja wa mende waliwekwa wawili, mmoja wa miguu ya mbele na mwingine wa miguu ya nyuma, kila mmoja na jengo lake; miguu ya katikati ikaachiwa vizazi vijavyo. Kukawa na Idara ya Mwangwi wa Asubuhi, na ng'ambo ya barabara Idara ya Mwangwi wa Jioni, ambazo wakuu wake hawakuwa wakizungumza. Kukawa na mwanafizikia wa vivuli vya watu wanene. Kukawa na mhandisi wa ngazi za kupandia na mhandisi wa ngazi za kushukia, na ole wao watu waliokutana katikati.

Yule waziri aliyekuwa karibu na ndege ndiye aliyekabidhiwa Wizara mpya ya Aina za Utafiti. Jina lake Mheshimiwa Mashaushi. Maisha yake yote alikuwa mtu wa forodha, na ndiyo maana jambo la kwanza aliloifanyia sayansi ni kuiwekea mipaka.

"Uhai ni uhai," aliliambia Bunge, "maumbile ni maumbile, na uhandisi ni uhandisi. Vikichanganyika, waheshimiwa, tutavihesabu vipi?"

Bunge zima likasimama. Wengine walisimama kwa sababu ulikuwa wakati wa chai, lakini kumbukumbu za Bunge hazitenganishi.

Mji wa Sayansi ukagawanywa kwa kuta zenye vipande vya chupa juu yake. Watu wa Sayansi za Uhai wakavishwa makoti ya kijani. Watu wa Sayansi za Maumbile, wale wa joto, mwanga, nguvu na presha, wakavishwa ya buluu. Wahandisi wakavishwa ya rangi ya chungwa. Ikapitishwa Sheria ya Mipaka ya Sayansi. Mtafiti akikutwa anajua jambo la upande mwingine, hupelekwa kusahaulishwa. Kusahaulishwa maana yake ni kufungiwa chumba kimoja na hotuba za Waziri mpaka mtu ashindwe kukumbuka alichoingia nacho. Wengi walitoka baada ya siku mbili tu, wepesi kabisa, wakitabasamu.

Sasa, upande wa makoti ya kijani alikuwepo mwanamke mmoja aitwaye Dokta Sikudhani. Umri wake miaka thelathini na minane, mrefu, mkimya, mwenye macho ya mtu aliyezoea kutazama vitu vidogo. Katika orodha ya taifa yeye alikuwa aina ya mia nne na kumi na nane: konokono wa maji baridi wasiozidi ukubwa wa punje ya mtama. Mama yake alikuwa ameacha kumuuliza habari za kuolewa; siku hizi alimuuliza tu, "Wadudu wako hawajambo?" Naye Sikudhani alikuwa amechoka kumweleza kwamba konokono si mdudu.

Kila Jumanne alikwenda kwenye bwawa lililo juu ya mji, mahali Bomba Kuu linapochukulia maji. Bomba hilo lilikuwa pana kiasi cha mtu mzima kusimama ndani yake na kofia yake. Lilitoka bwawani, likateremka mlima, likapita chini ya Hospitali ya Wazazi, chini ya wodi yenyewe ya kujifungulia, kisha likaingia mjini. Sikudhani alikuwa akihesabu konokono kwenye mdomo wa bomba, eneo la kiganja kimoja. Mwezi wa kwanza aliwakuta kumi na mmoja. Mwezi wa tatu, mia mbili. Mwezi wa sita walikuwa wamepandana kama watu kwenye dirisha la vitambulisho, na alipowafuatilia kwa tochi aliona wanaelekea ndani, tabaka juu ya tabaka, wala hawana mpango wa kurudi.

Akaweka sikio lake kwenye chuma. Bomba Kuu lilikuwa likipiga kwikwi.

Alijua konokono wake watazaana kwa kasi gani. Kitu asichokijua, na asichoruhusiwa kukijua, ni kama bomba lingewavumilia. Akaandika ripoti ya kurasa nne, akaipeleka kwa Msajili Mkuu wa Aina, Bwana Pazi, mtu mwembamba aliyekuwa na mihuri mingi kuliko kalamu.

Bwana Pazi alisoma ukurasa wa kwanza akasita.

"Dokta, hapa umeandika konokono wako ndani ya bomba."

"Ndiyo, Bwana Msajili."

"Konokono ni uhai. Bomba ni uhandisi. Sasa huyu konokono, akishaingia humo, anakuwa nani?"

"Anabaki konokono."

"Hilo ndilo tatizo lenu nyie wa kijani. Hamtaki kubadilika." Akaifunga ripoti. "Peleka dirisha la chungwa."

Dirisha la chungwa walimwambia kwamba wao hushughulika na bomba, si kilichomo ndani ya bomba. Kilichomo kikitoka, awasiliane nao. Walimwelekeza dirisha la buluu, kwa kuwa aligusia presha. Dirisha la buluu walisikitika sana. Wao walikuwa na aina sita za utafiti wa presha ya maji, lakini maji yenye wanyama ndani yake, kwa mujibu wa mwongozo, ni supu. Supu iko Wizara ya Lishe.

Akarudi kwa Bwana Pazi jasho likimtiririka.

"Basi nipe ruhusa ya kuzungumza na mhandisi mmoja tu. Dakika kumi."

"Haiwezekani, dada yangu." Bwana Pazi hakuwa mtu mbaya, alifungua Sheria akamsomea, kama mtu anayemsomea mgonjwa majibu ya maabara. "Wenye makoti tofauti hawatazungumza utafiti kazini, njiani, harusini, msibani, wala kwenye foleni ya mkate. Wanaruhusiwa kusalimiana, mradi salamu isiwe na takwimu. Isipokuwa, kifungu cha kumi na nne, waliooana, wakiwa nyumbani kwao, wakati wa chakula."

"Kwa nini waliooana?"

Bwana Pazi alishusha sauti. "Mke wa Mheshimiwa Waziri ni mtaalamu wa mimea. Na Mheshimiwa hupenda kuulizwa habari za kutwa."

Sikudhani alitoka pale, hakwenda ofisini. Alirudi bwawani.

Upande wa pili wa bomba, kila Jumanne, huwa kuna mtu mwenye koti la chungwa anayeligonga bomba kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Jina lake Mhandisi Kandoro, mgane wa miaka arobaini na saba, mabega mapana, aibu nyingi. Kwa miaka miwili yeye na Sikudhani walikuwa wamepungiana mikono na kuulizana hali ya hewa. Mgambo wa Sayansi alikuwa amesimama karibu, akichokonoa meno, masikio wazi.

"Mhandisi, hujambo?"

"Sijambo, Dokta. Habari za upande wenu?"

"Salama. Umeoa?"

Nyundo ilisimama hewani. "Mke wangu alifariki. Huu mwaka wa nne."

"Pole sana. Nina jambo la kukuambia, na siwezi kukuambia mpaka unioe."

Kandoro alimtazama mgambo. Akalitazama bomba. Akamtazama Sikudhani, safari hii kwa muda mrefu zaidi.

"Jambo lenyewe ni zito?"

"Linapiga kwikwi."

"Ahaa," alisema Kandoro, na uso wake ukabadilika. "Hata mimi nimelisikia. Nilidhani ni masikio yangu." Akapangusa mikono kwenye koti. "Nitaleta wazee Alhamisi."

Mama yake Sikudhani alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Harusi ilikuwa ya haraka, ya pilau na maturubai mawili, nyumbani kwa Kandoro. Waliohudhuria bado wanasimulia jinsi maharusi walivyopendana: tangu sahani zilipowekwa mpaka zilipoondolewa hawakuacha kunong'onezana. Shangazi mmoja aliyeketi karibu nao alidokoa maneno machache na kuyapeleka jikoni. Bwana harusi, alisema, alikuwa anamuuliza bibi harusi unene, na bibi harusi alikuwa anamjibu kwa milimita. Jikoni wakasema mapenzi ya wasomi yana mambo yake.

Baada ya wiki moja wakakwama. Sikudhani alijua idadi ya konokono. Kandoro alijua chuma kina nguvu gani, na kiungo gani ni dhaifu: kile kilicho chini ya wodi ya wazazi. Lakini maji yanapobanwa na konokono presha yake inapanda kiasi gani, siku gani itafika pa kupasua, hiyo ilikuwa kazi ya koti la buluu. Na mtu mmoja tu nchini aliyeiweza alikuwa Dokta Mwajabu.

"Huwezi kumwita chakula cha mchana?" aliuliza Sikudhani.

"Kama mgeni hatazungumza. Kifungu kinasema waliooana."

Wakatazamana. Kandoro akazama kwenye mchuzi wake, masikio yakamwiva.

"Nitakwenda mimi mwenyewe," Sikudhani alisema. "Wewe utaharibu."

Alimkuta Dokta Mwajabu kwa fundi wake wa nguo, amesimama juu ya kigoda anapimwa gauni: mama wa miaka hamsini na minane, mnene, sauti kama ya kengele ya shule.

"Shikamoo, Dokta. Nimekuja kukuposa."

"Marahaba. Wewe?"

"Mume wangu."

Fundi alimeza pini, au nusura ameze. Mwajabu alishuka kigodani polepole. "Mwanangu, nimeolewa mara mbili kwa mapenzi, na zote mbili nimejuta. Huyu ananitaka kwa lipi?"

"Siwezi kulisema hapa. Ila ni la upande wako kabisa. Linapanda kila siku."

Macho ya Mwajabu yakang'aa. Mwongozo ulikuwa umempa aina moja tu ya maji kuyachunguza, yaliyotulia ndani ya glasi, na alikuwa ameyatazama kwa miaka sita.

"Anakoroma?"

"Anakoroma."

"Kwa mdundo au ovyo?"

"Kwa mdundo."

"Basi mapafu yake mazima. Nitakuja na vyombo vyangu."

Ndivyo nyumba ya Mhandisi Kandoro ilivyokuwa nyumba pekee katika Jamhuri yenye makoti ya rangi tatu kwenye kamba moja ya nguo. Kwa kuwa sheria iliruhusu mazungumzo wakati wa chakula tu, walikula mara saba kwa siku. Mgambo wa Sayansi alikuwa akipita dirishani kukagua. Akichungulia, wote watatu huinua vijiko. Meza ilijaa mipira ya bustani, sufuria, saa za kupimia na magunia ya mtama, maana punje za mtama ndizo zilizocheza nafasi ya konokono. Sikudhani alinenepa. Alijikuta pia akisikiliza kitasa cha mlango saa za kutoka kazini, na kumwekea Kandoro kipande cha nyama chenye mfupa, kwa sababu Kandoro hufikiri vizuri akiwa na mfupa. Hilo hakuliandika kwenye daftari lolote.

Majirani walisikia kelele wakasikitika. Siku moja wake wawili waligombana kuanzia adhuhuri hadi alasiri.

"Nukta yako umeiweka pabaya!" Mwajabu alifoka.

"Nukta yangu iko pale pale! Yako ndiyo inayohamahama!"

"Toka lini konokono akanifundisha nukta?"

Majirani wakaambiana kwamba wanamgombania mume. Mume mwenyewe alikuwa chini ya meza, anakusanya mtama.

Nukta ya Mwajabu ndiyo iliyokuwa sahihi, na Sikudhani alipoihamisha, hesabu yote ikakaa. Wakaitafuta kalenda. Waziri Mashaushi alikuwa ametangaza kwamba siku ya Sikukuu ya Aina atazindua Chemchemi ya Taifa mbele ya Rais, maji yatakayoruka juu kuliko jengo la Bunge. Ili yaruke hivyo, milango yote ya Bomba Kuu ingefunguliwa kwa mpigo. Chini ya presha hiyo, kiungo cha chini ya wodi kingepasuka ndani ya nusu saa. Zilikuwa zimebaki siku tisa. Wodi ilikuwa na vitanda arobaini na sita, na mara nyingi wazazi wawili kwenye kitanda kimoja.

Waliiandika hesabu hiyo, na Kandoro akaipeleka ripoti kwa Bwana Pazi yeye mwenyewe.

"Imeandikwa wapi hii?" Pazi aliuliza.

"Nyumbani."

"Basi si utafiti. Ni mazungumzo ya familia." Aliigeuza, akakuta alama ya mchuzi. "Hata ingekuwa utafiti, ripoti zinazosubiri kusomwa ni za miaka minne. Mambo ya nyumbani pelekeni Baraza la Ndoa. Wale husikiliza ndani ya siku tatu. Mheshimiwa Rais hapendi kelele majumbani."

Jioni ile, wakati wa mlo wa sita, Mwajabu alisukuma sahani.

"Baraza halisikilizi watu wanaopatana. Lazima mmoja wetu adai talaka."

Kandoro alikuwa anaugeuza mfupa wake kama mtu aliyepoteza kitu ndani yake.

"Nitadai mimi," Sikudhani alisema. "Konokono ni wangu."

"Si lazima iwe wewe," Kandoro alisema kwa sauti ndogo.

"Mimi nitakuwa shahidi," alisema Mwajabu, akiwatazama kwa zamu. "Shahidi mzuri ni mnene. Anaaminika."

Sikudhani alijaza fomu. Palipoandikwa *Sababu ya kutaka kuachika* aliandika: *Presha imezidi.* Mkono wake ulikuwa mzito kuliko alivyotarajia.

Hakimu wa Baraza aliitwa Mzee Mwinyikondo. Kwa miaka thelathini alikuwa amesikiliza ndoa za Ndivyo, na hakukuwa tena na jambo la kumfanya ainue nyusi.

"Bibie, unasema presha imezidi. Yako au ya mumeo?"

"Ya bomba, mheshimiwa."

Nyusi zikainuka.

"Bomba gani?"

"Bomba Kuu. Mimi na mume wangu hatuelewani juu yake. Mimi nasema limejaa konokono. Yeye anasema kiungo chake hakitavumilia."

"Mbona mnaelewana?"

"Hatuelewani kuhusu nani kati yetu ana wasiwasi zaidi."

Kandoro alisimama, akasema kweli hawaelewani kabisa, yeye ndiye mwenye wasiwasi zaidi, na akataja unene wa chuma na umri wa kiungo. Karani aliandika yote kama ushahidi wa ukatili. Kisha akaja Mwajabu na sufuria, mpira wa bustani na kibaba cha mtama. Aliumimina mtama kwenye mpira, akafungulia bomba la ukutani, akamwomba Hakimu ahesabu hadi ishirini. Alipofika kumi na saba mpira ulipasuka, ukamlowesha karani, mafaili na picha ya Mheshimiwa Rais.

Hakimu alipangusa miwani. "Na juu ya bomba lenyewe kuna nini?"

"Wodi ya wazazi," walijibu wote watatu.

Mzee Mwinyikondo aliivaa miwani yake. Wajukuu wake wanane walizaliwa kwenye wodi ile. "Mimi sijui sayansi," alisema hatimaye, "na sheria hainiruhusu kuijua. Ila ninayo mamlaka ya kuzuia mali inayogombaniwa mpaka wahusika watulie. Bomba hilo mnaligombania?"

"Tunaligombania, mheshimiwa!"

"Vibaya?"

"Vibaya sana!"

"Basi nalizuia. Mlango wa bwawani ufungwe, mji upewe maji ya visima. Na walioko juu yake wahamishwe, wasije wakaingizwa kwenye ugomvi wa watu." Akagonga muhuri. Akagonga wa pili. "Na talaka nimetoa."

Sikudhani aligutuka. "Mheshimiwa, talaka si lazima sasa..."

"Uliiomba. Imo kwenye fomu. Siwezi kutoa zuio hewani, binti yangu. Lazima lining'inie kwenye hukumu."

Nje ya Baraza walisimama watatu juani. Sikudhani na Kandoro walikuwa wameshakuwa makoti mawili tofauti, na mgambo alikuwa anakuja. Wakasalimiana. Kisha Sikudhani akapanda basi kwenda kwa mama yake, akaketi dirishani, akashangaa kwamba mtu anaweza kushinda kesi na bado asitake kula.

Sikukuu ya Aina ilifika. Rais aliketi jukwaani, watafiti elfu moja mia mbili na tatu wakapita mbele yake, kila mmoja na bango lake. Waziri Mashaushi alisoma hotuba ya saa mbili juu ya maji. Kisha akashika koki ya dhahabu, ngoma zikalia, akaifungua.

Chemchemi ya Taifa ikatoa sauti ya mtu aliyeshiba. Baada ya hapo akatoka konokono mmoja, akaanguka kwenye marumaru, akaanza safari.

"Ndio huyo?" Rais aliuliza.

Waziri alipoambiwa kwamba maji yamezuiwa na Baraza la Ndoa, aliona kizunguzungu. Sikudhani alikuwa kwenye mstari wa makoti ya kijani. Alivunja mstari, akakimbia hadi chini ya jukwaa.

"Mheshimiwa Waziri, usifungue milango ya bwawa! Konokono ni mamilioni, kiungo kitapasuka!"

"Kiungo?" Waziri alisema kwa mshangao mkubwa. "Wewe una koti la kijani! Umelijulia wapi neno hilo?" Akaamuru askari wapande mlimani wafungue milango yote, na Sikudhani apelekwe kusahaulishwa mara tu baada ya gwaride.

Milango ilipofunguliwa, ilichukua dakika ishirini na sita. Kwanza ardhi ilinguruma. Kisha kule mlimani sakafu ya wodi ya wazazi ikapanda juu kama chapati, na vitanda arobaini na sita vikatoka kwa mlango vikiwa vinaelea, vitupu vyote. Wenyewe walikuwa wamehamishiwa ukumbi wa sinema siku mbili zilizotangulia. Watoto watano walizaliwa humo, na mmoja akaitwa Zuio. Maji yalishuka hadi uwanjani na konokono wote wa miezi sita. Yalibeba viti, tarumbeta na mabango. Waziri Mashaushi alielea juu ya mimbari yake, akiwa bado ameshika koki. Konokono walipanda kwenye nishani za majenerali na kukaa humo, na kwa mbali hawakutofautiana nazo.

Rais, maji yakiwa magotini, aliokota konokono mmoja begani mwake. "Mashaushi! Hii ni aina gani ya utafiti?"

Waziri alifikiri kwa kasi ambayo hakuwahi kuwa nayo kabla. "Mpya, Mheshimiwa! Ya elfu moja mia mbili na nne! Utafiti wa Ndoa!"

Rais akatabasamu. Waliobaki wamesimama wakapiga makofi.

Basi hakuna aliyesahaulishwa. Sikudhani alivishwa nishani, na Mzee Mwinyikondo akastaafishwa kwa heshima ili asirudie. Watu walitarajia kuta zingebomolewa. Hazikubomolewa, zilipakwa rangi. Badala yake Wizara ilitangaza kwamba, kwa kuwa imethibitika sayansi hustawi ndani ya ndoa, watafiti wote wataozwa siku moja, kijani kwa chungwa, chungwa kwa buluu, kwa mpangilio wa alfabeti. Waliokuwa tayari na wake au waume waliambiwa wajaze fomu ya nyongeza. Mtaalamu wa fangasi wa mapapai aliangukia mhandisi wa mabomu ya ardhini. Mwanafizikia wa vivuli alipewa watu wawili, kwa makosa ya uchapaji. Mgeni rasmi, ilitangazwa, atakuwa Dokta Sikudhani, Mama wa Ndoa za Taifa. Na mwandishi wa habari mmoja aliyeuliza kama mama huyo mwenyewe si mtalikiwa aliambiwa swali lake ni la upande mwingine.

Sikudhani hakwenda. Siku ya harusi hiyo, asubuhi, alikuwa barazani kwa mama yake anachambua mchele, na kutoka mjini zilisikika bendi kumi na mbili zikipiga nyimbo kumi na mbili. Geti likalia. Akaingia Dokta Mwajabu, amevaa lile gauni la kwa fundi, jasho jembamba usoni.

"Hodi. Shoga yangu, nimekuja kukuposa."

"Wewe?" Sikudhani alisema.

"Mume wangu." Mwajabu aliketi, kiti kikalalamika. "Ile nyumba haikaliki. Hakuna wa kugombana naye. Yule bwana anakula mara moja kwa siku, kisha anatazama ukuta. Juzi nimemwekea mfupa, akausogeza pembeni, akasema si wake."

"Kuna utafiti gani safari hii?"

"Hakuna. Nimemuuliza. Anasema ana swali moja tu, na halina namba." Mwajabu akageukia geti. "Tena yuko nje tangu saa moja. Kaja bila koti, kavaa kanzu, anatetemeka kama sufuria ya maharage. Mimi nimemwambia asije na wazee, wamechoka."

Sikudhani aliweka ungo chini. Mikono yake ilikuwa na unga wa mchele, akaipangusa kwenye kanga, kisha akaona haikutosha, akaipangusa tena. Ndani, mama yake alikuwa ameshasimama nyuma ya pazia, mkono mdomoni, vigelegele vimembana.

"Mwambie aingie," alisema Sikudhani. "Na wewe, mwenzangu, usiondoke. Nataka unieleze mbele yake ni nani atakuwa anaosha vyombo."